Kiingilio cha kuona mawe

Mimi ni mtu wa Goma. Nyumba yangu ni ya mawe, ua wangu ni wa mawe, njia ya kufika kwangu ni mawe yaliyokubaliana kuitwa barabara, na viatu vyangu vyote, tangu nianze kuvaa viatu, vimeuawa na mawe. Mtoto wa Goma akianguka hapanguzi vumbi, anahesabu magoti. Kwa hiyo mtu akiniambia nisafiri siku tatu, nivuke mipaka mitatu, halafu nitoe pesa mfukoni mwangu nikatazame mawe, nina haki ya kumshika paji la uso nione kama ana homa.

Nilimshika. Hakuwa na homa. Alikuwa binti yangu, yule niliyejinyima bia ili asome, na sasa huko kusoma kwenyewe ndiko kunakonimalizia pesa.

Mambo yalianza hivi. Agosti 2024 mdogo wake mama watoto alijifungua huko Mombasa. Ameolewa na wakala wa forodha, mwanyumba wangu, mtu mwema ambaye kazi yake ni kuhakikisha kontena lililoandikwa Goma halikai bandarini mpaka likaota mizizi. Mama watoto akasema lazima tukamwone mtoto. Nikasema mtoto tumekwisha kumwona kwenye simu, ana macho mawili na anapiga miayo, anafanana na mwanyumba. Wiki iliyofuata tulikuwa ndani ya basi.

Safari yenyewe siisimulii. Magoti yangu yalikwisha kumsimulia daktari. Gisenyi, Kigali, Kampala, Nairobi, kisha treni mpaka pwani. Itoshe kusema kwamba aliyebuni kiti cha basi lile hajawahi kukutana na binadamu mwenye miguu.

Mtoto tulimwona, ana macho mawili kweli, akapiga miayo. Kazi ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimeshajipatia kiti kibarazani, chini ya mwembe, na dafu mkononi. Ndipo binti yangu akatoka ndani na kidaftari. Akasema, "Baba, kesho twende Fort Jesus." Nikauliza ni kanisa gani hilo. Akasema si kanisa, ni ngome ya Wareno, imechimbuliwa na watu wa akiolojia, na ndani kuna makumbusho. Nikamwuliza imejengwa kwa nini. Akasema, "Kwa mawe."

Hapo ndipo nilipomshika paji la uso.

Nilivaa koti, tai na viatu vya ngozi. Mwanyumba aliponiona akauliza kama naenda mahakamani. Nikamweleza kwamba sisi Wakongomani hatuingii mahali penye karani na mhuri tukiwa tumevaa shati la maua. Sikujua ninachojifanyia. Goma iko juu, kwenye mita kama 1,500 hivi, na jioni tunavaa sweta mwaka mzima. Mombasa iko chini kabisa, pale dunia inapoishia kwenye maji. Na kibaya zaidi, ilikuwa msimu wa kusi. Wenyeji walikuwa wanajifunga mitandio na kulalamika kwamba mwaka huu baridi imezidi. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nayeyuka kama siagi, tai ikininyonga, mgongo wa koti umeshika ramani ya Afrika, na kila anayepita ananipa pole nikidhani ni ya joto kumbe ni ya msiba.

Langoni tulilipa kiingilio. Kiasi chenyewe kilikuwa cha haki, sina neno nacho. Ugomvi wangu ni na nafsi yangu. Nilizihesabu zile noti nikazigeuza kuwa mifuko ya makaa, halafu nikayageuza makaa kuwa samaki wa sambaza, halafu sambaza nikazila kichwani mwangu na fufu, nikafika mlangoni nimeshiba huzuni.

Mtembeza wageni wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua na sauti ya mtu asiyewahi kukimbizana na basi. Nilitaka kumwonyesha kwamba sisi si wageni wa lugha. Nikasema, "Jambo yenu, muzee! Tuko tunakuya kuangalia hii manyumba ya zamani, batu balisema iko muzuri."

Mzee akanyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri chai ipoe. "Mwatoka wapi, ndugu zangu?"

"Goma."

"Aa! Karibuni sana. Kiswahili chenu kitamu."

Mtu wa Mombasa akikuambia Kiswahili chako kitamu, ujue ni kama mwalimu anayemwambia mtoto mchoro wako mzuri. Bado hajajua kama ni ng'ombe au ni lori.

Akaanza. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 na ikamalizika 1596. Wareno ndio walioijenga, wakati mfalme wao Felipe akiwa ndiye mfalme wa Hispania pia, na aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Huyo Mtaliano aliifuata fikra ya wasanifu wa kwao wa zama zile, kwamba jengo lililo kamili linafuata vipimo vya mwili wa mtu. Ukiitazama kwa juu, akasema mzee, ni kama mtu amelala chali, kichwa kinaelekea baharini. Nikamwuliza tumbo lake liko wapi, maana langu lilikuwa linauliza tumekula saa ngapi. Mama watoto akanikanyaga kile kiatu cha ngozi.

Kuta zina unene wa zaidi ya mita mbili. Niliugonga ukuta kwa kidole. Ni jiwe la matumbawe, jepesi, lenye vitundu vitundu, na hapo, nakiri, nilishtuka kidogo. Nilikuwa nimetembea siku tatu nikakutana na shemeji yake jiwe la kwetu! Letu limetoka motoni, lao limetoka majini, lakini vitundu ni vile vile na linachubua vile vile. Nililigusa kwa kiwiko kupata uhakika. Koti likachanika.

"Baba, usiguse," akasema binti.

"Nimelipia," nikasema.

Mzee akatupeleka juu ya buruji, mahali penye mizinga iliyoelekezwa baharini. Upepo ukapita ndani ya koti langu, mara ya kwanza siku hiyo nikawa na urafiki na Mombasa. Akatueleza kwamba kati ya 1631 na 1875 ngome hii ilibadilisha mikono mara tisa. Mwaka 1631 aliyeitwaa ni sultani wa Mombasa mwenyewe, Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa tangu utoto, wakambatiza na kumwita Dom Jerónimo, wakamrudisha kutawala, wakastaajabu alipogeuka. Baadaye Wareno wakarudi, baadaye Waomani wakaja, na kadhalika na kadhalika, mpaka Waingereza.

"Mara tisa," akasema mama watoto, taratibu, akiangalia maji. "Kama Goma."

Mzee alimtazama, kisha akatazama mizinga yake. Hakuongeza utani wake wa kawaida mahali hapo, maana nilimwona ameuandaa na ameumeza.

Kisha akasimulia kuzingirwa. Waomani walifika Machi 1696 wakaizunguka ngome, na hawakuingia mpaka Desemba 1698. Miezi 33! Ndani, watu walikuwa wanakufa kwa maradhi zaidi ya risasi. Waliobaki mwisho walikuwa wachache tu wa kuhesabika. Watalii wengine waliokuwa karibu wakafanya "ooh". Sisi watatu hatukufanya "ooh". Mama watoto aliuliza swali ambalo nadhani mzee hajawahi kuulizwa na mtalii: "Na maharagwe yalikuwa bei gani?"

Msimcheke. Mwaka ule ule wa safari yetu, kwetu Goma, vita vilikuwa vimefunga barabara ya Rutshuru na ile ya Masisi, na ndizo zinazotuletea chakula. Mama watoto alitoka Goma akiwa anajua bei ya kipimo cha maharagwe asubuhi, mchana na jioni, kama wengine wanavyojua matokeo ya mpira. Kwake, habari ya kuzingirwa isiyokuwa na bei ya maharagwe ni nusu habari. Mzee akasema chakula kililetwa kwa mashua na merikebu, zilipoweza kupita. Mama watoto akaitikia kwa kichwa. Sasa ameelewa vita.

Na merikebu yenyewe! Mwaka 1697 ilikuja moja kubwa ya kivita kutoka Goa, inaitwa Santo António de Tanná, kuwaokoa waliozingirwa. Ilifika, ikapigwa, ikazama hapo hapo chini ya ngome, mbele ya macho ya wale iliokuja kuwaokoa. Ikalala chini ya maji miaka 280, mpaka wapiga mbizi walipoifanyia uchimbaji kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu vyake sasa vimo ndani ya makabati. Mimi nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka. Samahani, lakini mtu wa Goma hawezi kuacha kucheka. Sisi tumeona waokoaji wa kila aina, na magari yao meupe yenye antena ndefu, na mara ngapi tumelisukuma gari la mwokozi kutoka kwenye tope la Sake ili liweze kwenda kutuokoa mbele?

Basi tukaingia kwenye makumbusho yenyewe. Kuna feni. Napenda ijulikane kwamba nilitazama kabati la kwanza kwa dakika 15, watu wakadhani ni mpenzi mkubwa wa vigae. Nilikuwa mpenzi mkubwa wa feni.

Lakini ukisimama mahali muda mrefu, macho yanaanza kufanya kazi yenyewe. Ndani ya kabati kulikuwa na vyungu. Vyungu vilivyovunjika, kisha vikaunganishwa kipande kwa kipande, na palipokosekana kipande pakazibwa kwa kitu kingine. Kauri za China, rangi ya samawati na nyeupe, bakuli moja lina ufa kutoka ukingoni hadi kitakoni. Nikakumbuka nilivyomchapa mwanangu wa pili kwa kuvunja bakuli lisilo hata robo ya uzuri wa lile. Tulilitupa. Hivi sasa nalo limo ndani ya shimo la taka nyuma ya nyumba, linaiva, linasubiri karne zake tatu.

Na ukutani kuna michoro. Askari wa Kireno, waliochoka kukaa ndani, walichora kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye matanga, vitu vya dini, watu wanaosimama hivi hivi. Mchoro wenyewe si mzuri. Nasema ukweli, merikebu moja inafanana na kuku. Lakini umeondolewa, umehifadhiwa, umewekwa mwanga, na watu wanaunyamazia. Mwanangu huyo huyo wa bakuli aliwahi kuchora moto wa abiria, yaani pikipiki, na watu wanne juu yake, ukutani sebuleni kwa makaa. Nilimpa sabuni na maji, akausugua mpaka ukaisha. Binti yangu akaninong'oneza, "Umeona, Baba? Ulifuta urithi." Sikumjibu. Nilirudi kwenye feni.

Mzee akaeleza namna uchimbaji ulivyofanyika. Waingereza walikuwa wameigeuza ngome kuwa jela, tangu 1895 hadi 1958. Jela ilipoondoka, akaja James Kirkman kuchimba na kuondoa taka za karne kwa karne, na fedha zilitoka kwenye mfuko wa Gulbenkian wa Ureno. Mwaka 1962 makumbusho yakafunguliwa. Yaani Mreno alijenga, Mwomani akamtoa, Mwingereza akafungia watu, halafu Mreno akarudi kulipia ufagio. Akatuonyesha jinsi tabaka zinavyolaliana: juu Mwingereza, chini yake Mwomani, chini yake tena Mreno. Kila mmoja amejenga juu ya uchafu wa mwenzake bila kufagia.

"Hata kwetu," nikasema, na nilishangaa kusikia sauti yangu inasema. "Juu kuna lava ya 2002. Chini yake Zaire. Chini ya Zaire, Mbelgiji."

"Na chini ya Mbelgiji?" akauliza mzee.

Basi shetani wa kujisifu akanipanda. Tulikuwa mbele ya vigae vya mji wa kale wa Manda, na mzee alikuwa ametuambia kwa fahari kwamba mji ule ni wa karne ya 9. Nikaweka mikono nyuma. Nikamwambia, kwa Kiswahili changu kitamu, kwamba sisi Kivu ya Kaskazini hatuhesabu kwa karne. Kule Ishango, pale mto Semliki unapotoka kwenye ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga, Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba mwaka 1950 akatoa mfupa. Mfupa mdogo, wenye jiwe la kwatzi limechomekwa nchani. Una miaka 20,000 na zaidi. Na juu yake kuna alama zilizochongwa kwa safu tatu, na safu moja inasoma 11, 13, 17, 19, ambazo, binti yangu akadakia, zote ni namba tasa! Watu wetu walikuwa wanapiga hesabu wakati dunia nzima inatafuna mizizi.

Mzee alivua miwani. "Subhanallah. Miaka elfu 20! Na mfupa huo uko kwenye makumbusho hapo Goma?"

Nikatazama feni.

"Uko Brussels," nikasema.

"Aaa," akasema mzee. Akanishika bega, lile la koti lililochanika, akaniongoza polepole kwenye kabati linalofuata, kama mtu anavyomwongoza mfiwa kwenye kiti.

Sentimita kama 10 hivi, mfupa wenyewe. Ungeingia kwenye mfuko wa shati. Uliondoka bila kupanga foleni ya viza, na mimi nikitaka kwenda kuusalimia nitatakiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha babu.

Binti yangu naye hakuniacha nipone. Alikuwa amefungua kidaftari. "Baba, wewe unasema mawe ni mawe. Warumi je?" Akanisomea habari za Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na volkano Vesuvius mwaka 79, watu wakaanza kuuchimbua 1748, na sasa dunia nzima inapanga foleni kuuona. Ndani ya tanuri moja walikuta mikate 81, imeungua kuwa makaa, lakini bado ni mikate, bado imekatwa vipande vinane vinane.

"Waliiacha mikate?" akauliza mama watoto.

"Walikimbia, Mama. Volkano."

"Hata mimi nilikimbia volkano," akasema mama watoto. "Na nilibeba godoro."

Nikajua sasa linakuja. Kwa miaka 22 limekuwa likija, na huwa linakuja tukiwa mbele za watu.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipasuka, lava ikashuka mpaka katikati ya mji, ikapita juu ya kipande cha uwanja wa ndege, ikala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Sisi tulikuwa tumeoana miezi saba. Tulikuwa na nyumba ya mbao si mbali na mtaa wa Birere, na tulikuwa na dakika chache. Mama watoto alibeba godoro kichwani, sufuria mbili mkononi, na nguo kwenye kitambaa. Mimi nilibeba redio.

Nilikuwa na sababu zangu. Mtu anayekimbia anahitaji habari. Utajuaje lava iko wapi bila redio? (Mama watoto anasema angegeuka nyuma angeiona.) Tatizo ni kwamba, kando ya ile redio, kwenye rafu ile ile, palikuwa na pasi ya makaa. Pasi nzito ya chuma, yenye jogoo kwenye kifuniko, aliyopewa na bibi yake siku ya arusi. Mkono wangu ulipita juu ya pasi ukachukua redio. Tukavuka mpaka Gisenyi usiku, na siku tulipouliza nguo za kwenda kanisani zinanyooshwaje, ndipo kesi ilipofunguliwa. Haijafungwa.

Sasa hapo Mombasa, ndani ya makumbusho, mbele ya vitu vilivyotolewa kwenye merikebu iliyozama, vijiko, vyungu, vitu vya watu waliokuwa na haraka kuliko sisi, mama watoto akainama kwenye kioo akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mzee wa watu, ambaye hana kosa, akasema, "Hakuna pasi hapa?"

"La, mama. Pasi hatuna."

"Basi hawa walibeba."

Nilimaliza ziara ile kwa heshima iliyobaki. Nikaona milango ya nakshi, nikaona chumba cha Waomani chenye maandishi kwenye boriti za dari, nikaona uti wa nyangumi uliowekwa nje, na huo ndio kitu pekee siku ile kilichonifanya nijisikie mwembamba. Tukatoka. Nje palikuwa na mtu anauza muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, nikala wa watu watatu. Koti nikalivua, nikalibeba begani kama mfungwa aliyeachiwa.

Tulirudi Goma mwanzo wa Septemba. Ile dawa ya makumbusho nadhani ilikuwa imeniingia kwa njia ya feni, maana nilianza kufanya mambo. Nikipita mtaani naangalia kuta. Nikiona mahali wamechimba msingi, nasimama. Kwetu, msingi ukichimbwa katikati ya mji, unapita lava kwanza, na chini ya lava kuna paa la mtu. Watu wa Pompeii, wale walionusurika, walihama. Sisi tulirudi baada ya siku chache jiwe likiwa bado linachoma nyayo, tukaanza kupima viwanja kwa kamba juu yake, kila mmoja akibishana na jirani kwamba jikoni kwangu kulikuwa hapa, hapana, hapa ndipo kilipokuwa choo changu. Nyumba yangu ya sasa iko juu ya nyumba yangu ya zamani, kama mita mbili juu. Ninalala juu ya dari yangu mwenyewe.

Choo kilikuwa kimejaa, na hilo halingojei akiolojia. Nikamwita kijana mwenye mtaimbo na nyundo. Lava huchimbwa kwa bei ya peke yake. Kijana anapiga, nyundo inaruka, jiwe linatoa cheche, jioni shimo limeongezeka urefu wa kiganja. Siku nyingine ningekaa ndani. Safari hii nilivaa kofia, nikaleta kiti, nikakaa ukingoni.

"Polepole hapo," nikamwambia.

"Papa, ni choo."

"Ndiyo. Lakini ukifika chini ya jiwe, utumie brashi."

Kijana akaweka nyundo chini. "Brashi iko bei yake nayo?"

Tukaelewana bei ya brashi. Hakuitumia.

Siku ya nne, mchana, mama watoto akiwa anachambua sombe mlangoni, sauti ya mtaimbo ikabadilika. Haikuwa sauti ya jiwe. Kijana akainama, akanyamaza, kisha akapiga kelele kutoka chini: "Papa! Iko chuma hapa!"

Sitasema moyo wangu ulifanya nini. Nilidhani ni bati. Nilitamani iwe bati. Kijana akakikwangua, akakigeuza, akanipitishia juu. Kilikuwa kizito. Kilikuwa kimepinda upande mmoja na kuota ngozi ya kutu na jiwe, lakini mpini wa juu ulikuwa na mahali pake, na mbele ya kifuniko, kichwa kikiwa kimeinama kidogo kama aliyechoka kusubiri, alikuwepo jogoo.

Mama watoto hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaichukua pasi, akaipakata kama alivyompakata yule mtoto wa Mombasa. Akajaribu kufungua kifuniko. Hakikufunguka. Akaingia nayo ndani.

Jioni niliikuta sebuleni, juu ya kabati, mahali ambapo zamani tulikuwa tunaweka picha yangu. Binti yangu alikuwa amekata kipande cha karatasi ngumu na kuandika kwa wino mweusi, kwa herufi nzuri, jinsi alivyoona Mombasa: "Pasi ya makaa, chuma. Goma, kabla ya Januari 17, 2002. Kina cha mita 2. Iliachwa na Baba."

Nikasema hayo maneno matatu ya mwisho si ya kitaalamu. Binti akasema makumbusho lazima yaeleze kitu kilifikaje pale kilipokutwa.

Majirani wameanza kuja. Wanaingia, wanasalimu, wanakwenda moja kwa moja kwenye kabati, wanasoma karatasi mpaka mwisho, kisha wananitazama. Nimependekeza kiingilio. Mama watoto amekataa. Anasema hii ni bure kwa umma. Jana alikuja mzee wa mtaa, akavaa miwani, akasoma mara mbili, akaigusa pasi kwa kidole kimoja.

"Na ile redio," akaniuliza, "bado iko?"

Iliharibika mwaka 2003.